Miaka 11 ya Tshabalala Msimbazi haifutwi na usajili

Mohamed Hussein 'Tshabalala' alipovuka kutoka Simba kwenda Yanga katika dirisha la usajili la katikati ya mwaka 2025, vijiwe vingi vya Msimbazi, makao ya Simba, havikuanza kwa kujiuliza nani atacheza beki ya kushoto. Vilianza kwa kumfuta. Orodha za wachezaji bora wa muda wote, ambazo wiki chache nyuma zilimtaja bila ubishi, ziliandikwa upya bila jina lake. Ng'ambo ya pili, Jangwani kwa Yanga, wapo waliomwingiza kwenye orodha yao kabla hajapiga krosi hata moja akiwa na jezi ya kijani na njano. Pande zote mbili zimeteleza mahali pamoja. Ukubwa wa mchezaji ndani ya klabu unapimwa kwa kazi aliyoifanya akiwa na jezi ya klabu ile, hasa katika mechi zilizobeba msimu, na kwa kulinganishwa na wenzake wa zama zake. Kituo chake cha baadaye hakimo kwenye hesabu hiyo. Kwa kipimo hiki Tshabalala anabaki kwenye daraja la juu la mabeki wa Simba, na kwenye orodha ya Yanga ameanza na sifuri.

Mjadala huu unachukuliwa kama ugomvi wa uaminifu, kana kwamba swali ni nani alituheshimu na nani alitusaliti. Chini yake kuna jambo lingine: klabu zetu mbili kubwa, moja ya mwaka 1935 na nyingine ya 1936, zimefika hapa bila daftari la wazi ambalo shabiki anaweza kulifungua akaona mchezaji fulani alicheza mechi ngapi, katika mashindano gani, dhidi ya nani, na alifanya nini. Daftari likikosekana, jezi inageuka kuwa ushahidi. Anayeivaa leo ni mkubwa, aliyeivua si kitu. Ndiyo maana nasema uhamisho wa Tshabalala umetuonyesha upungufu wetu kuliko ulivyoonyesha tabia yake.

Tuanze na historia, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini kumbukumbu zetu zimepinda. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, timu ambayo mwaka 1971 ilichukua jina la Simba. Yanga ilitwaa ubingwa wake wa kwanza mwaka 1968. Kuanzia hapo mpaka televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, kipindi cha karibu miaka 30, shabiki wa bara ambaye hakuwa uwanjani alitegemea redio na gazeti la kesho yake. Ligi Kuu ilipoanza kurushwa kwa mpangilio na Azam TV mwaka 2013, kila bao lilipata picha yake, marudio yake na jina la aliyetoa pasi ya mwisho. Kwa hiyo tuna wachezaji wa aina mbili kwenye orodha moja: wa miaka kumi na kitu iliyopita, ambao kila mguso wao upo kwenye simu ya kijana, na wa miaka 50 iliyotangulia, ambao wapo kwenye vichwa vya wazee na kwenye magazeti yanayochakaa. Ukiwauliza mashabiki wapige kura bila kulizingatia hilo, matokeo yanajulikana kabla ya kura ya kwanza. Washambuliaji wa karibuni watajaa juu, mabeki wa zamani watatoweka.

Halafu kuna makosa ya kumbukumbu zenyewe, na haya ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Chukua jina la Mohamed Hussein. Yupo Mohammed Hussein 'Mmachinga', mshambuliaji wa Yanga aliyefunga mabao 26 kwenye ligi mwaka 1999, rekodi ya msimu mmoja ambayo haijavunjwa. Yupo pia Mohamed Hussein 'Tshabalala', beki wa kushoto aliyetua Simba mwaka 2014 akitokea Kagera Sugar. Majina mawili yaleyale, tofauti ya 'm' moja ambayo mwandishi mmoja huiandika na mwingine huiacha, na sasa wote wawili wamevaa jezi ya Yanga. Mtu anayekusanya takwimu kwa kutafuta jina tu, bila mwaka na bila nafasi uwanjani, atampa beki mabao ya mshambuliaji. Mfano mwingine ni kipigo cha mabao 6-0 ambacho Simba iliipa Yanga Julai 19, 1977. Abdallah Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan 'Masimenti' mawili, na moja Selemani Sanga wa Yanga alijifunga. Kwenye masimulizi hilo la kujifunga mara nyingi linapotea, na likipotea lazima limwangukie mtu, basi mmoja wa washambuliaji anaongezewa bao ambalo hakulifunga. Vivyo hivyo mabao ya mechi za kirafiki na za mabonanza huchanganywa na ya ligi, mabao ya mashindano ya Muungano huhesabiwa mara mbili, na ushindi wa mezani huongeza mabao kwa timu ambayo hakuna mguu ulioyafunga.

Hoja ya kwanza ya upande wa pili, na ndiyo yenye nguvu zaidi, inasema tuachane na hisia na tuhesabu. Nakubaliana nayo kwa sharti moja: hesabu iwe ya haki. Meddie Kagere, Mnyarwanda wa Simba, alikuwa mfungaji bora kwa mabao 23 msimu wa 2018/19 na 22 msimu wa 2019/20. Ukiyasoma hivyo tu, yeye ndiye kinara wa miaka hiyo yote. Lakini misimu ile miwili ligi ilikuwa na timu 20, maana yake mechi 38. Amissi Tambwe, Mrundi, alipofunga mabao 19 akiwa Simba msimu wa 2013/14, ligi ilikuwa na timu 14 na kila timu ilicheza mechi 26. Gawanya mwenyewe. Tambwe anapata bao 0.73 kwa kila mechi ya ligi iliyochezwa na timu yake, Kagere 0.61 na kisha 0.58. Tambwe huyohuyo alihamia Yanga akafunga 21 msimu wa 2015/16, ligi ikiwa ya timu 16 na mechi 30, sawa na 0.70. Stephane Aziz Ki alifunga 21 kwa Yanga msimu wa 2023/24 katika mechi 30, naye ni 0.70. Emmanuel Okwi alifunga 20 msimu wa 2017/18, ligi ya mechi 30, ni 0.67. Simon Msuva alifunga 17 msimu wa 2014/15 katika ligi ya mechi 26, ni 0.65, na mara nyingi alikuwa anatokea pembeni, si mshambuliaji wa kati. Jean Charles Ahoua aliibuka mfungaji bora wa 2024/25 kwa mabao 16 katika mechi 30, ni 0.53, na yeye ni kiungo.

Hesabu hii ndogo inapangua orodha nzima. Msuva, ambaye kwa idadi tupu anaonekana yuko mbali nyuma ya Kagere, anampita. Tambwe, ambaye nusu ya mashabiki wa Simba hawamtaji kwa sababu alivuka, na nusu ya wale wa Yanga wanamkumbuka kwa msimu wa 21 tu, anatokea kuwa na misimu miwili mizito katika klabu mbili tofauti. Hata hivyo mgawanyo huu bado una kasoro, kwa kuwa unatumia mechi za timu. Kinachotakiwa hasa ni dakika ambazo mchezaji alikuwa uwanjani, na penalti zitengwe. Mfungaji anayepiga penalti zote za timu anapata mabao kadhaa kwa msimu ambayo mwenzake hayapati. Rekodi ya Mmachinga nayo, kabla ya kuwekwa mezani na hizi, iwekewe idadi ya mechi alizocheza, maana 26 bila mechi chini yake ni nusu ya taarifa.

Kasoro hiyohiyo ya mfumo ipo kwenye mechi za Afrika, tena kubwa zaidi. Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1974 kwa njia ya mtoano mtupu, nyumbani na ugenini, na ikatolewa kwa penalti na Mehalla ya Misri baada ya kila timu kushinda 1-0 kwake. Hapakuwa na makundi. Ukipoteza raundi moja, mwaka umekwisha. Tangu mwaka 1997 Klabu Bingwa inaitwa Ligi ya Mabingwa na ina hatua ya makundi yenye mechi sita, ambayo Yanga iliifikia mwaka 1998. Mchezaji wa leo ambaye timu yake imefika robo fainali anaweza kucheza mechi nyingi za Afrika kwa msimu mmoja kuliko aliyefika nusu fainali mwaka 1974. Fiston Mayele alipofunga mabao saba na kuwa kinara wa Kombe la Shirikisho msimu wa 2022/23, Yanga ikifika fainali na kupoteza kwa USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini baada ya jumla ya 2-2, alifanya kazi kubwa ambayo hakuna anayeweza kuibeza. Lakini kumweka Mayele juu ya kila mshambuliaji wa Yanga aliyewahi kuzaliwa kwa sababu ya idadi ya mabao ya Afrika ni kumlinganisha aliyepewa mitihani mingi na aliyepewa miwili.

Upande mwingine kuna hoja ya wazee: kandanda lilikuwa la zamani, hawa wa sasa ni wepesi. Hoja hii inadharauliwa na vijana kwa kuwa haina namba, na mimi nadhani wanaidharau kupita kiasi. Kumbukumbu ya mzee ni dhaifu kwa idadi lakini ina nguvu kwa uzito. Hawezi kukutajia mabao ya msimu mzima, ila atakwambia bao lipi lilibadilisha mwaka. Agosti 10, 1974, Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Simba na Yanga zilikutana kuamua bingwa. Simba ilitangulia. Yanga ilisawazisha zikiwa zimebaki dakika chache kupitia Gibson Sembuli, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. Januari 1975 timu hizohizo zikakutana Zanzibar kwenye fainali ya Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati, Yanga ikashinda 2-0, na waliofunga ni walewale, Sembuli na Manara. Ndani ya miezi mitano, mechi mbili za kuamua bingwa dhidi ya mtani, mabao manne ya Yanga, na wafungaji ni hao wawili tu.

Sasa angalia kilichotokea kwenye orodha. Sunday Manara yumo kila mahali, na anastahili. Alikuwa na jina la utani lisilosahaulika, 'Kompyuta', na mwaka 1977 alikwenda Heracles ya Uholanzi, Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Sembuli, ambaye katika mechi hizo mbili alifanya kazi sawa na Manara, hutajwa na wachache. Pale Nyamagana lake ndilo lililoinusuru Yanga, kwa sababu bila la kusawazisha hakuna muda wa nyongeza na hakuna bao la Manara. Hakwenda Ulaya, hakupata jina lililodumu redioni, kwa hiyo kumbukumbu ikamwacha njiani. Hapa ndipo mzee na mwenye kikokotoo wanapohitajiana. Mzee anajua mechi ipi ilikuwa nzito. Karatasi ya mchezo inajua nani alifunga. Mmoja bila mwenzake anatupa orodha yenye matobo, na Sembuli ameangukia kwenye tobo.

Kwa mabeki na makipa hali ni mbaya zaidi, na huku ndiko Tshabalala anakohusika moja kwa moja. Beki hana bao la kuhesabiwa. Kazi yake nzuri ni jambo ambalo halikutokea: winga hakupita, krosi haikupigwa, bao halikuingia. Kwa beki wa kushoto wa kisasa kuna kipimo cha kuanzia, nacho ni idadi ya mechi alizoanza, idadi ya mechi hizo ambazo timu haikuruhusu bao, krosi na pasi zake zilizozaa mabao, na kiwango cha wapinzani. Kwa Tshabalala mambo yaliyo wazi ni haya: miaka 11 Simba, mataji manne ya ligi mfululizo kuanzia 2017/18 mpaka 2020/21, robo fainali za Afrika mwaka 2019, 2021, 2022, 2023 na 2024, kisha fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2025 akiwa nahodha, ambapo Simba ilipoteza 2-0 Berkane na kutoka sare ya 1-1 Zanzibar. Makocha walibadilika zaidi ya mara sita katika miaka hiyo, kila mmoja akaja na mfumo wake na wachezaji aliowataka, na kila mmoja akaishia kumpanga yuleyule kushoto. Mimi naona huo ni ushahidi mzito kuliko kura yoyote. Kocha mgeni hana ushabiki wa Msimbazi wala wa Jangwani. Ana mkataba mfupi na anataka kushinda Jumamosi.

Anayesema amewahi kuona beki bora wa kushoto kuliko yeye pale Simba amlete kwa vigezo hivyo, tena inawezekana kabisa akawepo katika miaka ya 1970 au 1990. Kikosi kilichofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, chini ya Kibadeni huyohuyo akiwa kocha, kilitoka sare 0-0 Abidjan dhidi ya Stella kabla ya kufungwa 2-0 Dar es Salaam. Kutoruhusu bao ugenini kwenye fainali ni kazi ya mabeki na kipa Mohamed Mwameja, na beki kama George Masatu ana haki ya kuzungumziwa kwa mechi ile moja zaidi ya anavyozungumziwa. Huo ndio ubishi wenye afya. Kusema 'ametoka hivyo hahesabiki' si ubishi, ni kufunga mjadala.

Na hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa kelele zaidi. Nitaiweka kwa nguvu zake zote kwanza. Wanaoishikilia wanasema klabu ya watu si kampuni, kwamba Simba na Yanga ni familia, mchezaji anaimbwa na watu wanaokatwa mishahara yao midogo kununua tiketi, na anayekwenda kwa mtani anakanyaga kitu ambacho pesa hainunui. Uchungu huo ni wa kweli na unastahili heshima. Lakini mashabiki wenyewe hawaifuati kanuni hiyo. Juma Kaseja alikuwa kipa wa Simba iliyomvua ubingwa wa Afrika Zamalek mwaka 2003, baada ya kila timu kushinda 1-0 kwake na Simba kushinda kwa penalti kulekule Cairo. Mwaka 2008 akaenda Yanga. Mwaka uliofuata akarudi Simba. Mei 6, 2012 Simba ilipoifunga Yanga 5-0, Kaseja alikuwa golini, na moja ya mabao matano alilifunga yeye, kipa, kwa penalti. Mwaka 2013 akaenda Yanga tena. Je, usiku wa Cairo ulifutika mwaka 2008, ukarudi 2009, ukafutika tena 2013? Okwi alifunga mawili katika zile tano, baadaye akavaa jezi ya Yanga, akarudi Simba, na Msimbazi wakampokea kwa nderemo. Haruna Niyonzima alitoka Yanga akaenda Simba kisha akarudi Yanga. Kanuni inayomsamehe anayerudi na kumfuta asiyerudi haipimi ukubwa wa mchezaji hata kidogo. Inapima yuko wapi leo.

Kuna toleo la hoja hiyo lililo bora kidogo: kwamba kukaa muda mrefu ni sehemu ya ukubwa, kwa hiyo anayeondoka apunguziwe. Sehemu ya kwanza ni sahihi. Ila muda tayari umehesabiwa kwenye mechi alizocheza. Aliyekaa miaka 11 ana mechi za miaka 11, aliyekaa miwili ana za miwili. Ukimpa alama za mechi, kisha ukampa tena za uaminifu kwa miaka ileile, umemhesabia mara mbili. Na ukimnyang'anya aliyeondoka alama za mechi alizokwisha kucheza, unadai kwamba mechi hizo hazikuchezwa, wakati mataji yake yapo kabatini Msimbazi na klabu haijayarudisha.

Upande wa wageni sitakaa sana. Wapo wanaosema mchezaji wa kigeni anayekaa misimu miwili au mitatu hawezi kuwa juu ya mzawa. Kwa wingi wa mechi mara nyingi watakuwa sahihi, lakini iwe kwa sababu ya mechi, isiwe kwa sababu ya pasipoti. Clatous Chama, Mzambia, aliifungia Simba bao la dakika za mwisho dhidi ya Nkana Desemba 2018 lililoipeleka makundi ya Ligi ya Mabingwa, na Machi 2019 akafunga tena dakika za mwisho dhidi ya AS Vita kuipeleka robo fainali. Msimu mmoja, hatua mbili, mguu mmoja. Mwaka 2024 naye alikwenda Yanga, na naye pia alifutwa. Anayemfuta inabidi atuambie Simba ya 2019 ilifikaje robo fainali.

Ikiwa ni lazima nitoe msimamo wangu, kwa Simba namweka Kibadeni wa kwanza, na sababu yangu ni mechi nzito: mabao matatu katika 6-0 ya 1977, jambo ambalo hakuna mchezaji mwingine aliyelifanya kwenye mechi ya ligi ya watani tangu hapo, na bao katika ushindi wa 2-1 dhidi ya Hearts of Oak mjini Accra kwenye safari ya nusu fainali ya 1974. Kwa Yanga namweka Sunday Manara, na Sembuli karibu naye kuliko mazoea yanavyoruhusu. Atakayeniletea karatasi za mechi zinazosema vinginevyo nitambadilishia nafasi bila kinyongo. Msimamo wa mtu mmoja si kitu kikubwa. Kikubwa ni kwamba maamuzi ya kweli yanafanywa kwa kutumia orodha hizi: nani aalikwe kutambulishwa kwenye Simba Day na Wiki ya Mwananchi, picha ya nani ipambe ukuta wa makao makuu, nani asaidiwe na klabu akiugua uzeeni. Anayeachwa kwenye orodha kwa kusahauliwa anaachwa kwenye mambo hayo yote.

Kazi ya kutengeneza daftari haihitaji fedha nyingi. Kila mechi iwe na mstari wake: tarehe, uwanja, mashindano, matokeo, walioanza 11 kwa majina yao kamili pamoja na jina la utani, walioingia na dakika waliyoingia, wafungaji na dakika, penalti zikiwekewa alama, mabao ya kujifunga yaandikwe kwa jina la aliyejifunga. Mashindano yasichanganywe: ligi safu yake, kombe la ndani lake, Afrika lake, kirafiki lake. Kila mchezaji apewe namba yake ya kudumu, ili Mohamed Hussein wa 1999 asije akakutana na Mohamed Hussein wa 2014 kwenye hesabu. Misimu ya tangu 2013 ipo kwenye picha na ripoti, kijana mmoja mwenye kompyuta na subira anaweza kuimaliza. Kwa miaka ya nyuma njia ni magazeti ya siku iliyofuata, na kwa kila mechi yatumike mawili yasiyo ya ofisi moja, kwa sababu mwandishi wa siku ile naye aliweza kukosea mfungaji katika msongamano wa goli. Yakitofautiana, ndipo aulizwe aliyecheza.

Na hapo kwenye kuuliza ndipo muda unapotubana. Aliyekuwa na miaka 25 siku ya Julai 19, 1977 amekwisha vuka 70. Mechi za kuanzia ni za miaka hiyo: 5-0 ya Yanga ya Juni 1968, Nyamagana 1974, Zanzibar 1975, 6-0 ya 1977. Kikosi kizima cha kila upande, dakika za kila bao, nani alitoa pasi, beki gani alikuwa anamkaba nani. Za Tshabalala zinaweza kusubiri mwaka mwingine, zipo zote kwenye picha.